Alama Mbili za Mganga Zilizopigiwa Kura

Kwa Msimamizi wa Meza ya Jumamosi,
Chumba cha nyuma, dukani kwa fundi cherehani.

Dada mpendwa, na kwa leo tu, Mheshimiwa Msimamizi,

YAH: KUPINGA KUONGEZEWA BUSARA BILA RIDHAA YANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi ni mzima. Mganga wangu si mzima, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Najua tunaishi mlango kwa mlango na ningeweza kugonga. Lakini nikigonga utanikaribisha chai, na nikishakunywa chai yako siwezi tena kukulaumu. Umenilea hivyo. Kwa hiyo naandika.

Barua rasmi hueleza hata yanayojulikana, usije baadaye ukasema hukuelewa. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, watu watano tunaizunguka meza ya kukatia vitambaa. Wewe unatusimulia tulipo, iwe pangoni, jangwani au mbele ya mfalme, na sisi tunatupa dadu kujua kama tumepona au tumekwisha. Mume wako, yaani shemeji yangu, ni shujaa mwenye shoka. Fundi cherehani ni mwizi. Mwalimu wa hesabu ni mchawi. Mimi ni mganga. Kila mmoja ana karatasi yake yenye sifa sita: Nguvu, Wepesi, Stahamala, Akili, Busara na Haiba. Uhai tunauandika kwa penseli, kwa sababu unakwenda na kurudi. Sifa tunaziandika kwa wino, na cha wino hakifutwi. Anayeanguka ana mzunguko mmoja tu wa kuinuliwa, na asipoinuliwa, au akianguka mara ya pili kwenye vita ileile, haulizwi: karatasi yake inachanwa na kutupwa kwenye kapu la vipande vya nguo. Tukipanda ngazi, yaani kiwango cha mchezo, kila mtu anapewa alama mbili aziongeze kwenye sifa aipendayo.

Nimeandika "kila mtu". Nimeandika kwa makusudi, ili uone aibu.

Jumamosi iliyopita ulitupandisha ngazi ya nane palepale kisimani, nyoka wa vichwa vitatu bado yu hai, kwa sababu mteja wa fundi alikuwa anagonga dirisha akidai gauni lake. Tukakunja karatasi. Shemeji amebaki chini ya kisima, uhai sifuri. Mimi nimebaki pembeni yake, uhai nne. Jumamosi hii zamu ya kwanza ni yangu, inayofuata ni ya nyoka, na nyoka huyo akiuma huuma wote walio karibu na kuondoa kumi kumi. Nikiweka alama zangu mbili kwenye Stahamala, napata uhai nane zaidi, nafika kumi na mbili, naumwa, nabaki na mbili. Mbili si nyingi, lakini ni zangu. Ila shemeji nitamwinua kwa tiba ya sasa, ambayo humpa tisa, ataumwa kumi, na ndiyo basi. Nikiweka kwenye Busara, tiba yangu inampa kumi na moja, anabaki amesimama na shoka mkononi. Na mimi nalala mahali alipokuwa amelala yeye.

Kwa kifupi, Dada, Jumamosi kapu la fundi linasubiri karatasi moja kati ya mbili. Baada ya maelezo hayo, naomba kuorodhesha malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Kura. Shemeji aliweka alama zake kwenye Nguvu na hakuna aliyekohoa. Fundi aliweka kwenye Wepesi huku anatafuta pini. Mwalimu wa hesabu aliweka kwenye Akili, ambayo alikuwa nayo ya kutosha kijiji kizima. Ilipofika zamu yangu, mwalimu akageuza karatasi, akachora safu mbili, na wewe ukasema, "Mganga ni wa wote, tupige kura." Mikono mitatu ikanyooka kwa Busara, wangu mmoja kwa Stahamala. "Wengi wape," ukasema, ukafunga kitabu. Sasa naomba kuuliza kwa heshima zote: shemeji alikuwa na uhai sifuri. Amelala kisimani, macho juu, maji yanamwingia masikioni. Alinyoosha mkono upi? Katika historia ya kura sijasikia mpiga kura aliyezimia.

2. Methali kufanywa sheria. Mwezi wa pili wa mchezo nilijaribu kujitibu kidonda cha begani. Ukanizuia. Ukasema mganga hajigangi. Nilicheka, nikidhani ni utani, mpaka nilipoona unaliandika kwenye daftari la kanuni, chini ya kifungu cha farasi. Tangu siku hiyo nawatibu wengine wote, na mimi hupona kwa kulala tu, na kila ninapolala mtu huja kuniamsha kwa sababu ameumwa. Kama methali ni sheria, Dada, basi zote ziwe sheria. Haraka haraka haina baraka, lakini fundi anapewa zamu mbili kila mzunguko. Mkataa pema pabaya panamwita, lakini shemeji amekataa pema mara tisa na hajatozwa chochote. Yangu peke yake ndiyo iliyoingia daftarini. Na imeniuma, nakwambia wazi. Si kanuni iliyoniuma. Imeniuma kwamba siku ile ya kura mlizungumza nusu saa juu ya karatasi yangu, na hakuna hata mmoja aliyeinama kusoma penseli inasema nimebaki na ngapi.

3. Nguvu. Mganga wangu ana Nguvu saba. Saba ni nguvu ya mtu anayeomba msaada kufungua chupa. Shemeji akivaa vyuma vyake ana uzito wa kabati lenye nguo ndani. Siku ghala lilipowaka moto sikuweza kumburuta nje, ikabidi nimtibu humohumo. Namtibu anaungua, anaungua namtibu, zamu sita, mpaka ghala likaisha lenyewe. Mfalme akasikia, akatoa nishani ya ustahimilivu wa moto. Alipewa shemeji.

4. Haiba, ambayo ni nane. Kila tukialikwa ikulu, wao huingia ukumbini na mimi naambiwa nishike farasi. Imetokea mara tatu. Mara ya tatu hata farasi waliingia.

(Akili sijaiombea, na naomba isiandikwe kwamba nimeiombea. Naelewa kwa nini hamtaki niwe nayo. Mganga mwenye akili ya kutosha angekuwa ameshalihama kundi hili tangu ngazi ya pili.)

5. Busara yenyewe. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu nimefanya utafiti. Nina daftari. Busara yangu ilipokuwa kumi na nne, mlikuwa mnajeruhiwa mara nne kwa Jumamosi. Ilipofika kumi na sita, mara saba. Sasa ni kumi na nane, na Jumamosi iliyopita mmejeruhiwa mara kumi na tatu, tatu kati ya hizo mkijua kabisa mnachofanya. Fundi alifungua sanduku ambalo wewe mwenyewe ulishatangaza kwamba lina nge. Alipoulizwa sababu alijibu, "Si mganga yupo?" Shemeji aliruka kutoka juu ya mnara kwa sababu ngazi za kushukia zilikuwa nyingi. Mwalimu wa hesabu, ambaye Jumatatu hadi Ijumaa anafundisha watoto wa watu wafikiri kabla ya kujibu, alionja uyoga wa rangi ya samawati ili ajue una ladha gani. Una ladha ya chumvi. Alituambia hayo akiwa ameshapofuka.

Matokeo ya utafiti hayana ubishi, na nilipomwonyesha mwalimu hesabu zangu hakuweza kuzipinga, aliomba tu nimtoe upofu. Busara yangu ikipanda, ya kwenu inashuka. Busara ya kundi hili ni shuka fupi. Mkinifunika mimi, miguu yenu inabaki nje. Kwa hiyo mkinifikisha ishirini mtaanza kuumwa na vitu visivyo na meno. Ninyi mnadhani mnaongeza tiba, kumbe mnaongeza majeraha.

Dawa ya kweli ni kinyume chake. Busara yangu ishushwe hadi sita. Kwa busara sita nitakuwa nafunga bendeji juu ya kiatu, na mkishajua hilo mtapita pembeni, mtashuka ngazi moja moja, mtabisha hodi kabla ya kuingia mapangoni. Ikishushwa hadi tatu, nina hakika mtafanya suluhu na nyoka. Ikifika moja tutauza shoka, tutakodi shamba, na Jumamosi zetu tutapanda vitunguu kwa dadu, kila mtu na uhai wake kamili, na mganga asiye na kazi amekaa kivulini akiwatazama kwa upendo. Hayo ndiyo mafanikio ya juu kabisa ya afya ya jamii, na yote yanawezekana kwa kifutio kimoja, ila mlinikataza kufuta wino.

6. Ugonjwa huu umevuka meza. Siku sita za juma nafanya kazi kwenye chumba cha vidonda cha kituo cha afya, kile chumba cha mwisho, chenye kitanda kimoja, ndoo mbili na mlango usiojifunga. Mwezi uliopita nilimfunga mguu mzee mmoja aliyekatwa na bati, nikamwambia mbele ya muuguzi mkuu, "Mzee, umerudishiwa uhai tisa, usiupoteze njiani." Mzee alifurahi sana. Muuguzi mkuu alitaka nijieleze kwa maandishi. Nilijieleza kurasa mbili, na mchoro wa dadu.

Wiki iliyofuata zikaja fomu za tathmini. Kuna sehemu imeandikwa "Sifa ambayo mtumishi angependa kuiboresha", na chini yake nafasi tupu ya mtumishi kujaza mwenyewe. Yangu ilipofika mikononi mwangu ilikuwa imeshajazwa: "Uvumilivu." Nikauliza nani kajaza. Nikaambiwa walijadiliana. Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu. Akasema angekuwa yeye angeandika "kusikiliza", kisha akaniuliza nilikuwa nasema nini.

Sasa tazama, Dada, mtu mmoja, meza tatu. Kwako nimeongezewa Busara, kazini Uvumilivu, nyumbani Kusikiliza. Sipingi kwamba ni sifa nzuri. Nashangaa tu kwamba zote tatu zinawafaa watu wengine. Maishani mwangu hajatokea mtu wa kusema, huyu bwana aongezewe ngumi, au huyu bwana aongezewe usingizi. Nimeanza kuamini kwamba mnakutana mahali, wewe na muuguzi mkuu na mke wangu, mna safu mbili zenu na mnahesabu mikono.

7. Jambo la mwisho ni la kale, na sikukusudia kuliandika, lakini kalamu imeshafika. Miezi kumi na moja iliyopita uliponikaribisha mezani nilikuja na ombi moja tu. Nilitaka kuwa mwizi. Nilikuwa nimemfikiria wiki nzima, hata mwendo wake nilikuwa nimempa, kwa ncha za vidole. Mtu anayeingia mahali bila kuitwa na kutoka bila kuulizwa. Wewe huwezi kujua utamu wa wazo hilo kwa mtu anayeitwa kutwa nzima. Fundi alikuwa bado hajachagua. Kwake yote yalikuwa sawa. Mkanitazama wote wanne, nami nimetoka kazini, harufu ya dawa ya vidonda bado mikononi, na wewe ukasema, "Wewe si umeshazoea?"

Ni kweli nimezoea. Nimezoea hata kupanga foleni, lakini sijaomba niipange mchana wa mapumziko.

Tangu siku hiyo nimetibu mara mia mbili na kumi na nne. Kati ya hizo, sitini na tisa ni za shemeji. Sina chuki naye. Ni mtu mwema, amekutunza vizuri, na siku ya kuhama alibeba kabati letu peke yake. Lakini kwenye meza hii hajawahi kuniuliza kama mimi nimeumia. Anaamka, anapiga shoka sakafuni na kusema, "Twendeni!"

KWA HIYO BASI, naomba yafuatayo:

(a) Kura ya Jumamosi ifutwe, hasa ule mkono wa mtu aliyezimia.

(b) Alama zangu mbili ziende kwenye Stahamala, niamke Jumapili bado ninaye mganga.

(c) Busara ishushwe hadi sita kwa majaribio ya miezi mitatu, na vidonda vihesabiwe na mwalimu.

(d) Kila mchezaji abebe bendeji yake na afundishwe kuifunga. Niko tayari kufundisha mwenyewe, kwa kutumia mguu wa meza.

(e) Kama hayo yote yatashindikana, nibadilishwe kuwa mwizi mara moja. Jambo la kwanza nitakaloiba ni mfuko wa dawa wa mganga mpya, ili naye aonje. Kisha nitajeruhiwa bila sababu yoyote, kila baada ya dakika kumi, na nitamwambia ameshazoea.

Nisipopata jibu la maandishi kabla ya Jumamosi saa sita mchana, nitauhesabu ukimya wako kuwa ni ridhaa. Nitaandika Stahamala kumi na nne, kwa wino, mbele yenu wote, na shemeji alale salama kisimani. Nitamsomea wasifu mfupi. Msimamo huu hautabadilika, hata kwa chai.

Nisalimie watoto na uwaambie mjomba anawakumbuka. Msalimie fundi, na umkumbushe suruali yangu, ameipunguza upande mmoja. Msalimie mwalimu wa hesabu; mwambie kama bado anaona ukungu jicho la kushoto aache kulisugua. Na umsalimie shemeji, kama bado anapumua.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja, niliyeshindwa kwa kura tatu kwa moja,

Mganga wa Meza.

Nakala: Muuguzi Mkuu (kwa taarifa). Mke wangu (kwa kusikiliza).

Tanbihi: Barua hii nilianza kuiandika Jumapili na leo ni Alhamisi, kwa hiyo kuna jambo la kuongeza. Jana shemeji alikuja chumba cha vidonda. Mlango wa gari la mizigo ulikuwa umembana kidole. Nilimsafisha, nikamfunga. Alipofika mlangoni akageuka, akanitazama, akasema, "Shem, we umekula lakini?" Sikuwa nimekula. Akaenda, akarudi na mkate na soda, akaniwekea juu ya ndoo iliyofunikwa, akaondoka zake na kidole chake.

Niliporudi nyumbani nikaandika Busara ishirini. Nimeandika kwa wino. Yote yaliyo juu ya hapa yasome kama historia.

Jumamosi nitamwinua, kisha nyoka ataniuma na nitaanguka, usishtuke. Kanuni yako ya mganga hajigangi nimeisoma mara nyingi wiki hii, na hakuna mahali inaposema kwamba mtu mwingine haruhusiwi kumtibu. Nimebakiza chupa moja ya dawa. Shujaa haimtoshi, nilishapiga hesabu, mganga inamtosha. Imo kwenye mfuko wa kushoto wa joho langu. Atakayeinama kwanza, yeyote yule, aifungue taratibu; niliikaza mwenyewe kwa Nguvu zangu saba, lakini imekaza. Mfuko wa kulia asiuguse. Humo mna funguo bandia za mwizi, nilizinunua kwenye soko la mchezo Jumamosi ya kwanza kabisa, wewe ukimhudumia fundi chai. Sijawahi kuzitumia, lakini ni zangu.